Ubeti Uliozibwa Ghalani

Mkate ndio uliotangulia kusema. Bi Hamama aliubandua kwenye ukuta wa tanuri, akaumega ili autie siagi, na mvuke uliotoka ndani yake ulinuka baruti.

Akanusa tena. Akaita juu ya ngazi, "Takiya! Huu unga umeuweka wapi? Umeulaza na bunduki za baba yako?"

"Nimeusaga asubuhi hii, mama. Umetoka jiweni ukaingia kwenye kapu, basi."

"Na hilo jiwe umelifutia nini?"

"Nguo yangu. Njoo unuse nguo yangu kama unataka."

"Mdomo huo! Utampata mume kwa mdomo huo?"

Bi Hamama akamtupia ng'ombe kile kipande. Ng'ombe akakinusa, akageuza uso wake ukutani, na siku nzima hakugusa hata majani. Hapo Bi Hamama akaacha kumgombeza binti yake, maana kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimeelekea upande wa mlango wa ghala.

Nyumba ya Sheikh Ghalib bin Mukbil ilikuwa ya mawe, ndefu kwenda juu kama nyumba zote za kabila lao, Bani Ufair, imeng'ang'ania ukingo wa mlima. Chini walilala ng'ombe, na kando yao ghala la nafaka. Ukipanda ngazi ya kwanza ulikutana na jiwe la kusagia, moja kwa moja juu ya dari ya ghala. Ukiendelea kupanda mpaka magoti yakuume, ulifika sebule ya wanaume yenye madirisha pande tatu, ambako kila mchana walikaa kutafuna mirungi na kupanga mambo ya dunia.

Na dunia ilikuwa imepasuka. Vita vilikuwa vimeshika milima. Huku watu wa Imamu, waliosema mfalme ni mfalme hata akilala pangoni. Huku watu wa Jamhuri, wenye vifaru na ndege. Ndugu alilenga ndugu. Na wako waliokuwa wa Imamu asubuhi, wa Jamhuri jioni, kutegemea nani kaleta bunduki nyingi zaidi.

Upande wa Imamu alikuwako mshairi, Hizam bin Dughaish, mtu mfupi, mwenye jino moja la fedha na sauti inayojaza bonde. Alitunga ubeti Alhamisi, Ijumaa unaimbwa na maadui zake wenyewe, wakijisahau. Akikusifu, wajukuu zako wataoa vizuri. Akikutukana, utahama.

Alasiri moja ya mvua, kabla ya siku ya mkate ule, alibisha mlango wa Sheikh Ghalib, mguu umejeruhiwa, nguo zinanuka baruti, jambia pekee kiunoni, bunduki hana.

"Ghalib, ndugu yangu! Nimeingia kwako."

"Umeingia kwako, Hizam. Karibu, kaa."

Bi Hamama akapika mwenyewe. Akatoa mkate wa moto, asida ya shayiri yenye mchuzi katikati, mchuzi wa uwatu unaotoa povu, kahawa ya maganda ya buni. Hizam alikula kwa furaha, akamsifu mpishi kwa mistari miwili, Bi Hamama nyuma ya mlango akacheka ndani ya mtandio wake. Hakuna aliyemwambia mgeni kwamba wiki hiyo hiyo Sheikh alikuwa ameipokea Jamhuri na masanduku yake ya bunduki. Mgeni alipoinuka kunawa, wanaume wawili walimshika mabega. Makombo ya mkate yalikuwa bado kwenye ndevu zake alipotiwa ghalani, pingu miguuni, mlango ukafungwa.

Kwa watu wa milima ile, kumtia mbaroni mgeni aliyekula mkate wako kuna jina lake. Huitwa aibu nyeusi. Haioshwi na mvua. Husafishwa kwa kuchinja madume ya ng'ombe na kukiri mbele ya watu, kwa mdomo wako mwenyewe.

Askari wa Jamhuri kutoka mji wa Sanaa walisema watakuja kumchukua. Njia ikakatwa na mapigano, wakachelewa. Na kila mchana, wanaume walipokuwa juu wakitafuna mirungi, sauti ya Hizam ilipanda kutoka ghalani kupitia kidirisha cha hewa, ikatoka mpaka njia ya maji wanakopita wanawake na mitungi yao:

*Nimeingia mgeni, mkate wenu naonja;*
*Nyuma mlango wafungwa: nani ahadi kavunja?*

Ubeti ukiulizwa kule hauachwi hewani. Aliyeulizwa anapaswa kujibu, kwa kina kile kile, kabla watu hawajainuka. Asipojibu, aibu ya ubeti inamganda. Sheikh Ghalib naye alijidai mshairi. Alishuka akasimama nje ya mlango wa ghala.

"Nyamaza, Hizam. Nitakukata ulimi."

"Ukate, Sheikh. Utauweka wapi? Ukiuweka kinywani mwako utaona aibu, hautakuenea."

"Nakuambia nyamaza!"

"Nijibu ninyamaze. Umeulizwa swali moja tu, bwana mkubwa. Hata ng'ombe wako anajibu nikimsalimia, na anajua vina kuliko wewe."

Wanaume waliokuwa ngazini walijikaza wasicheke. Mmoja alishindwa. Kicheko kile kidogo, nadhani, ndicho kilichomuua Hizam. Kesho yake Sheikh alikanda tope kwa mikono yake mwenyewe, akachukua mawe, akaziba kidirisha cha hewa, kisha akaziba na nyufa za mlango. Sauti iliendelea humo ndani, ikauliza, ikauliza, kila mara kutoka mbali zaidi, kama mtu anayeshuka kisima. Halafu ikakoma. Askari walipofika waliambiwa mfungwa ametoroka. Takiya aliambiwa amehamishwa. Hakuna aliyemwosha maiti, maana hakuna aliyefungua.

Ila kuna jambo Sheikh alilisahau, na kila mtoto wa kule analijua. Mshairi hatungi peke yake. Ana jini lake, wanaliita hajisi, linalokaa naye begani na kumpa maneno. Ndiyo maana mshairi akianza kutafuna mirungi huweka jani la kwanza pembeni, la mwenzake. Mtu huyo akifa, hajisi hafi. Hubaki na maneno yake, na hana kinywa.

*

Sasa, kusaga kule ni kazi ya wawili. Wanawake hukaa uso kwa uso, mikono yote minne kwenye mpini mmoja, na jiwe halizunguki bila wimbo. Mmoja anatoa mstari, mwenzake anaujibu. Takiya alikuwa akisaga na binamu yake Wardiya tangu wote wawili wana mapengo ya utotoni. Wardiya alipoolewa bonde la pili, Takiya alibaki na jiwe peke yake. Mwanamke anayesaga peke yake haimbi, wazee wa kike walimkataza. Lakini mikono ina mazoea. Akawa anatoa mstari wake, kisha ananyamaza muda ule ule Wardiya angejibu, halafu anatoa mwingine. Aliacha nafasi. Kosa lenyewe ndilo hilo, hana lingine.

Siku ya mkate wa baruti alikuwa ameimba wimbo wa kawaida tu, wa kumwomba Mola mvua, akaacha nafasi ya Wardiya. Na nafasi ikajibiwa.

Ilitoka chini ya jiwe. Sauti nene, ya chini, yenye kicheko nyuma yake, na ilijibu kwa kina barabara. Takiya alidhani ni mmoja wa wanaume anamtania.

"Nani huko?" Kimya. Akacheka, akatupa mstari mwingine kuijaribu. Ukajibiwa, vizuri kuliko Wardiya alivyowahi kujibu. Unga ukaanza kutoka wa moto.

Hakumwambia mtu. Nani anasema kwamba upweke wake umepata mwenzi? Siku zilizofuata alisaga hata shayiri isiyohitajika. Alianza kula kidogo. Mama yake alimkuta na shavu limevimba.

"Toa hicho ulichotia mdomoni."

Takiya akatema kiganjani. Mirungi, imetafunwa laini, kijani.

"Unatafuna mirungi, mwanangu? Kama mzee wa kiume? Umeipata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Binti akainua macho. Alipojibu, midomo yake ilitembea taratibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume. "Umesahau uliyemchekea nyuma ya mlango, Hamama? Mkate wako ulikuwa mtamu."

Bi Hamama alishuka ngazi kwa makalio.

Usiku ule alimshika mume wake mkono gizani. "Baba Takiya. Fungua ghala. Mtoe mtu yule, mwoshe, mzike. Nakuomba kwa Mungu."

"Mtu gani? Ghala lina mtama."

"Mwanao anasema kwa sauti yake."

"Mwanao anataka mume. Nitampa mume."

"Ghalib, nimemsikia!"

"Punguza sauti," alisema, na yeye mwenyewe alinong'ona, "unataka jirani wasikie?"

*

Walisikia, na si jirani tu.

Mirungi ina saa zake. Kwanza watu huongea wote pamoja, wanabishana, wanacheka, wanaoana na kuachana kwa maneno. Halafu jua likielekea kuzama huingia saa wanayoiita ya Suleimani, nabii aliyetawala majini, na hapo kila mtu hunyamaza ghafla, kila mmoja na moyo wake, macho dirishani, na hakuna anayemvunjia mwenzake kimya hicho. Siku hiyo sebule ya Sheikh ilikuwa imejaa. Alikuwako ofisa wa Jamhuri mwenye viatu vyeusi, walikuwako masheikh wa makabila mawili ya jirani waliokuja kutazama kama upande ule unalipa. Saa ya Suleimani ikaingia. Kimya kikatanda. Na katika kimya kile jiwe la kusagia, ghorofa zote zile chini, likaanza kuzunguka, kruu, kruu, polepole, bila haraka, na harufu ya baruti ikapanda ngazi kama moshi wa jiko lililosahauliwa, ikapita chini ya mlango, ikawakaa watu puani, na mkono wa ofisa ukaenda kwenye bastola yake bila yeye kuutuma, na sauti ya Hizam bin Dughaish, ile ile iliyojaza mabonde, ikatoka katika koo la msichana na kupanda ngazi moja baada ya nyingine ikisogea, ikisogea, mpaka ikasimama nje ya mlango wa sebule na kuuliza kila mtu akisikia:

*Nimeingia mgeni, mkate wenu naonja;*
*Nyuma mlango wafungwa: nani ahadi kavunja?*

Sheikh mmoja mgeni alimtazama Ghalib, akamtazama sana.

"Ubeti umeulizwa, Ghalib," alisema taratibu. "Je, ni wewe wa kuujibu?"

Sheikh Ghalib alijikohoza. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mpini wa jambia. Kisha akajibu, kwa sauti ya mtu anayeamuru nyumbu:

*Mgeni ndiye haini, Jamhuri kuivunja...*

"Siyo hiyo," ilisema sauti nje ya mlango. Haikukasirika. Ilisema kama mwalimu anavyomwambia mtoto aliyekosea herufi. Na kitu kikaanguka kwa kishindo.

Walipofungua walimkuta Takiya sakafuni, macho wazi, unga ukimtoka puani. Masheikh wale wawili walivaa viatu vyao wakaondoka bila kuaga. Ofisa aliondoka nao, na kahawa yake hakuinywa.

*

Bi Hamama hakuomba ruhusa tena. Aliagiza Fakihi Lutfi aletwe kutoka ng'ambo ya mlima, mzee kipofu wa jicho moja, anayesomea watu na wanyama kwa bei moja, yaani chakula cha mchana. Alifika juu ya punda, akilalamika njia nzima.

"Ngazi zenu hizi mmezijenga ili malaika wa mauti achoke, au?" Lakini alipofika kwenye jiwe la kusagia, mzaha ulimwisha. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akakitoa upesi. "Lina moto. Limeachwa tangu lini?"

"Tangu jana."

Akachoma ubani na manemane, akakaa kichwani mwa Takiya, akasoma. Msichana alikuwa amelala na kucheka kwa chini chini. Jino lake moja la mbele liling'aa kama fedha. Fakihi alisoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akasema na kile kilichokuwa ndani.

"Wewe ni nani?"

"Mtu aliyeuliza swali."

"Huyu binti amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Aliniachia nafasi nikakaa. Nyumba nzima hii, ni yeye tu aliyeniachia nafasi."

"Utatoka?"

"Nikijibiwa."

Fakihi akageuka kwa Bi Hamama, akanong'ona. "Mama, mimi hili siliwezi kwa kusoma. Halina ugomvi na Qurani, lina madai. Jana limechukua koo lake. Mtazame kifua: sasa anavuta pumzi pale tu jini linapomaliza mstari. Likichoka kusema, hatavuta tena. Aliyeulizwa ajibu ukweli, mbele ya watu, leo."

"Na mwingine akijibu badala yake?"

Mzee akafikiri. "Aliyeshiriki kosa akijibu, litamwachia binti. Litatoka kooni. Nyumbani halitatoka."

Sheikh Ghalib alikuwa amesimama ngazini, akisikia yote. Bi Hamama alimwendea, akamvua kilemba kichwani, jambo ambalo mwanamke hamfanyii mumewe ila ameshakubali kuachwa, akakiweka miguuni pake.

"Kwa ajili ya mwanao, Ghalib. Maneno machache. Panda dirishani uyaseme."

"Wataniimba mpaka kiama."

"Atakufa!"

"Watu hufa," alisema Sheikh. "Bani Ufair nzima inakufa. Jina halifi." Akainama, akaokota kilemba chake, akakipangusa vumbi.

Bi Hamama akampita. Alipanda ngazi zote zile na magoti yake mabovu, akaingia sebule ya wanaume asikokanyaga mwanamke, akakanyaga mito yao, akakanyaga mabaki ya mirungi, akafungua dirisha linalotazama kijiji. Jua lilikuwa linazama. Watu walikuwa juu ya mapaa, kwenye mashamba ya ngazi, njia ya maji. Akavuta pumzi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikika nje ya kuta, na akapiga sauti:

*Kavunja bwana wa nyumba, mgeni akamchinja;*
*Mkate niliupika: aibu nami naonja!*

Mlima ukaurudisha ubeti, mstari kwa mstari. Njia ya maji mwanamke mmoja alitua mtungi chini. Mwingine akaurudia ubeti kwa sauti ndogo, kuujaribu mdomoni, na Bi Hamama akajua kwamba hautarudi tena ndani.

Chini, Takiya alikohoa. Akakohoa jani moja la mirungi, bichi, lisilotafunwa, likaanguka kiganjani mwa Fakihi. Kisha akavuta pumzi yake mwenyewe, ndefu, akaita, kwa sauti yake nyembamba iliyopasuka, "Mama? Mama yuko wapi?"

Walihama jioni ile ile. Mama, binti, na ng'ombe aliyetangulia mbele bila kuvutwa. Wajomba zake Takiya waliwapokea. Aliolewa baadaye, akazaa, akazeeka, na hakusaga tena ila na mtu mbele yake. Mwenzake akiinuka hata kwenda kunywa maji, Takiya aliondoa mikono kwenye mpini na kufumba mdomo kwa kiganja.

Sheikh Ghalib alibaki. Hakuja tena mtu kutafuna mirungi kwake. Lakini waliopita njia ya maji alasiri walimwona dirishani, ameegemea mto, na mto wa mbele yake umebonyea kama umekaliwa. Walimsikia akijibu. Kila siku jibu jipya, kina barabara, vina vizuri kuliko alivyowahi kutunga, akilaumu vita, akimlaumu mke, akilaumu mvua iliyomleta mgeni. Na kila siku, baada ya jibu, ilisikika ile sauti nene ikilikataa.

Siku aliyokosekana dirishani, wanaume walipanda kumtafuta. Sebuleni hakuwamo. Walimkuta ghalani, amekaa uso kwa uso na mifupa ya Hizam, mikono ya wote wawili kwenye mpini mmoja wa lile jiwe la kusagia la ghorofani, ambalo hakuna aliyejua lilivyoshuka, na kinywa chake kimejaa unga mpaka kooni. Mlango walilazimika kuuvunja. Tope la kidirisha na la nyufa lilikuwa bado zima, limekauka, na alama zake mwenyewe za vidole upande wa nje.

Hizam waliosha mifupa yake, wakamzika kwa heshima, akasaliwa na watu wa pande zote mbili za vita. Sheikh naye walimzika, mbali naye. Paa la nyumba limeshaanguka. Mawe yake ni mazuri, yamechongwa, na hakuna anayekwenda kuyachukua.

Wanawake wa njia ya maji hujitahidi wapite kabla jua halijaelekea kuzama. Anayechelewa husikia kwanza jiwe, kruu, kruu. Kisha sauti nene inauliza. Kisha ya pili inajibu mbio mbio, kwa kina barabara, kama mtu anayesikia tope likipigwa kidirishani. Kinafuata kimya kidogo, cha kupima.

"Siyo hiyo," inasema ile ya kwanza. Na jiwe linaanza upya.